Nani ameonja? Hotuba kuhusu kuzalisha bluberi yenye ladha

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakulima wa bluberi na wanafunzi wa kilimo cha bustani. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Picha za ukutani tumeziacha.

Wakulima wenzangu, vijana wetu wa vyuo, wazee mliotoka mbali: asanteni kwa kufika. Bluberi, hili tunda dogo la samawati, kwetu ni mgeni, hata jina bado kila mtu analitamka kivyake. Kwa hiyo nitaanza na mwenyeji. Nitaanza na embe.

Kuna embe ngowe, kuna embe tommy. Tommy lina rangi ya kupendeza na ganda gumu. Linapakiwa kwenye lori, linarushwa, linafika sokoni kama lilivyoondoka. Ngowe ni laini, limepinda kama mdomo wa kasuku, likikaa vibaya siku mbili limekwisha. Sasa niambieni: uko nyumbani, kisu mkononi, watoto wamekuzunguka. Unakata lipi? (Ukumbi: "Ngowe!") Mmejibu wenyewe. Tommy limezaliwa Florida, Marekani, likaenea duniani kwa rangi yake na kwa uwezo wake wa kusafiri. Hakuna aliyekaa chini akasema tulinyime ladha. Waliolichagua walitazama, wakabonyeza, wakaweka kwenye mizani. Ulimi haukuwa na kiti katika kikao hicho.

Bluberi nayo imepitia njia hiyohiyo. Ndiyo maana utanunua pakiti moja ukaila macho yamefumba, ukanunua nyingine ukahisi unatafuna maji yenye ganda. Leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: nani ameonja?

Twendeni kwanza New Jersey, zaidi ya miaka mia moja nyuma. Wakati huo bluberi ilikuwa tunda la porini. Watu walijaribu kuihamishia bustanini ikawafia. Waliipa udongo bora, wakaipa samadi, wakaipa chokaa, na kadiri walivyoihurumia ndivyo ilivyokufa. Mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Frederick Coville, alianza majaribio mwaka 1906, na mwaka 1910 akachapisha jibu: mmea huu unataka udongo wenye tindikali. Chokaa, rafiki wa mahindi, ni sumu kwake. Mpaka leo tunasema pH, kipimo cha tindikali, iwe kati ya 4.5 na 5.5, na anayepuuza huona majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma, na mbolea zaidi haitaitibu.

Chapisho hilo lilimfikia Elizabeth White, binti wa mkulima wa kranberi pale Whitesbog. Mwaka 1911 akamwandikia Coville: njoo, ardhi ipo, vichaka vipo. Kisha akafanya jambo la akili. Wakazi wa misitu ile walivijua vichaka vya porini kimoja kimoja, kama sisi tunavyoujua mwembe wa jirani wenye maembe matamu. White akawapa kila mmoja kipimo cha bati jepesi chenye tundu la sehemu tano za nane za inchi, yaani karibu milimita 16. Kichaka ambacho tunda lake kubwa halipiti kwenye tundu hilo, mwenye kukionyesha analipwa, na kichaka kinaitwa kwa jina lake.

Mmoja wao aliitwa Rube Leek. Hapa kulikuwa na tatizo dogo la kuchekesha: White aliona "Rube" ni jina duni mno kwa kichaka cha heshima vile, na "Leek" ni mboga ya ukoo wa vitunguu. Akachukua Rube, akabandika L ya Leek. Rubel. Aina hiyo ingali inalimwa leo, na damu yake imo katika sehemu kubwa ya bluberi za dunia.

Coville naye alikuwa na kichaka chake, Brooks, alichokichagua New Hampshire mwaka 1908. Hakukichagua kwa ukubwa peke yake. Ladha yake ilikuwa mojawapo ya sababu alizoziandika. Akakipandisha na kichaka kutoka New Jersey kiitwacho Sooy, na mtoto wao, Pioneer, akatolewa mwaka 1920. Coville pia ndiye aliyeona kwamba kichaka kikijichavusha chenyewe kinazaa vibaya: matunda madogo, mbegu chache, miche dhaifu. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kwa hiyo mwanzoni ulimi ulikuwamo kikaoni. Ulitolewaje? Haukufukuzwa, ulisukumwa pembeni kidogo kidogo. Zikaja mashine za kuvuna, zikataka tunda gumu. Ikaja safari ndefu ya meli, ikataka tunda linalokaa wiki kadhaa. Likaja duka kubwa, likataka tunda kubwa la samawati lenye utando mweupe. Yote hayo yanapimika kwa rula, mizani na mashine. Ladha inapimwaje? Kwa hiyo ikaachwa mwisho, na kinachoachwa mwisho hufanyiwa kazi siku ambayo fedha zimekwisha. Mwaka 2023, huko Corindi, Australia, tunda moja la aina ya Eterna lilipimwa gramu 20.40, upana wake karibu milimita 39, likaingia kwenye rekodi za dunia. Sisemi halina ladha. Nasema tu kwamba rekodi ya ukubwa ipo na rekodi ya utamu haipo.

Sasa mtaniuliza: haya ya New Jersey yanatuhusu nini sisi wa hapa Kenya, wa Makuyu, wa Nanyuki, wa Timau? Yanatuhusu, ila lazima tupitie Florida.

Bluberi ya kaskazini inataka baridi ili iamke: saa 800 mpaka 1,000 chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Huku kwetu kwenye ikweta baridi hiyo utaipata wapi, ndani ya friji? Kule Florida nako haikupatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida alianza kutumia bluberi ya porini ya huko, Vaccinium darrowii, kichaka kifupi chenye majani madogo ya kijani-samawati yasiyopukutika, kisichojua habari ya theluji. Wazo lilikuwa rahisi: tuchukue tunda la kaskazini, tuchukue uvumilivu wa joto wa kusini, tuwaoze.

Ndoa ikagoma. Bluberi kubwa ya kaskazini ina kromosomu 48, darrowii ina 24. Kwa kawaida mtoto wa wazazi wa namna hiyo huharibika mbegu ikiwa bado changa. Kilichookoa mambo ni ajali ya maumbile: mara mojamoja darrowii hutoa chavua au yai ambalo halikugawanyika, lenye kromosomu 24 badala ya 12. Likikutana na 24 za upande wa pili, mtoto anapata 48 na anazaa. Katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, Arlen Draper alipandisha darrowii moja iitwayo Fla 4B na Bluecrop, aina ya kaskazini, akapata mche ulioitwa US 75, na mche huo ukawa mzazi katika koo nyingi za aina za kusini. Florida ikatoa Sharpblue mwaka 1976. Aina zinazolimwa kwetu bila kupukutisha majani zinatoka katika ukoo huu.

Kwa nini nimewachosha na kromosomu? Kwa sababu mbili. Kwanza, kijana akitaka kupandisha bluberi ya kundi la virgatum, yenye kromosomu 72, na hizi za 48, atapata watoto wa 60 ambao wengi hawazai vizuri, atalaumu chavua bure. Pili, mmea wenye nakala nne za kila jeni huchanganya karata kwa namna nyingi mno. Ukipanda mbegu za tunda bora kuliko yote duniani, miche mia itakuwa na ladha mia, na iliyo mingi itakuwa mibaya kuliko mama yao. Ndiyo maana aina haienezwi kwa mbegu. Inaenezwa kwa vipandikizi au maabara, na mbegu tunazitumia kutafuta tu.

Tumefika kwenye ladha yenyewe. Nani atanieleza ladha ni nini? "Sukari," naisikia kutoka nyuma. Sawa. Naomba kila mtu achukue kipande cha embe mezani pake. Bana pua. Bana kabisa, usione haya. Tafuna. Unahisi nini? Utamu kidogo, uchachu, basi. Sasa achia pua huku unatafuna. (Minong'ono ukumbini.) Embe limerudi! Sukari haikuongezeka hata chembe. Kilichorudi ni harufu, inayopanda kutoka mdomoni kuingia puani kwa ndani.

Katika bluberi sukari ni glukosi na fruktosi, karibu sawa kwa sawa. Uchachu wa zile za kaskazini unatokana hasa na asidi ya sitriki, ileile ya ndimu. Juu ya hapo kuna harufu, nyingi, kwa viwango vidogo sana. Linalool ni harufu ya maua. Mnaijua bila kuijua, imo kwenye asumini na kwenye rehani. Geraniol inanukia waridi. Heksanali na jamaa zake wananukia nyasi zilizokatwa sasa hivi, na zikizidi tunda linaonekana bichi hata kama limeiva. Kuna esta zinazotoa harufu ya matunda matamu. Na ukakasi wa ganda, mnaoujua kutoka kwenye zambarau, ni jambo jingine tena.

Watafiti wa Florida walifanya kitu ambacho kilipaswa kufanywa zamani. Waliwaletea walaji wa kawaida aina nyingi za bluberi, wakawaomba wazipe alama, kisha matunda hayohayo wakayapima maabara: sukari, asidi, harufu moja moja. Utamu na mkatiko wa tunda mdomoni vikaenda pamoja na kupendwa. Uchachu ukaenda kinyume. Hilo mngelikisia. Usilolikisia ni kwamba harufu nazo zina sehemu yake katika utamu. Mtu husema tunda hili ni tamu zaidi, kumbe sukari ni ileile na harufu ndiyo imebadilika. Mwaka 2022 wakachapisha njia ya kukadiria alama za walaji kutokana na kemia ya tunda, kwa nyanya na kwa bluberi. Wamepata pia sehemu za kromosomu zinazohusiana na baadhi ya harufu, linalool ikiwamo, kwa hiyo inawezekana kuchuja miche ingali kwenye trei, kabla haijawahi kutoa ua.

Maana yake kwa mzalishaji ni kubwa. Sukari ni ghali. Mmea unaitengeneza kwa majani, na majani yana kikomo. Ukidai tunda kubwa, mavuno mengi na sukari nyingi kwa pamoja, mmoja atakosa. Harufu ni rahisi kwa mmea, kiasi kidogo mno kinatosha. Ukitaka tunda litamke utamu bila kuufilisi mmea, pita mlango wa harufu.

Sasa kazi ya mikono, na hapa nitakaa, maana ndipo watu wanapokosea.

Chagua wazazi kwanza, na wasiwe ndugu. Aina za kusini zina mababu wachache, ukichukua mbili bila kutazama ukoo unaweza kuwa umeoza binamu kwa binamu. Kumbukeni Coville na miche dhaifu. Mama awe mwenye kukubali mbegu na kuzaa vizuri. Baba alete unachokikosa. Ukiwa na mama mwenye tunda gumu lakini la baridi mdomoni, mtafutie baba mwenye harufu, hata kama tunda lake ni dogo. Usioze wawili wote watamu lakini laini ukitegemea ugumu utatokea mbinguni.

Weka mama kwenye chungu, ndani ya chumba cha wavu kisichoingia nyuki. Ua la bluberi ni kama kengele ndogo iliyoinama, mdomo wake mwembamba. Lihasi siku moja kabla halijafunguka, likiwa limejaa na kuwa jeupe lakini mdomo bado umefumba. Kwa kibano chenye ncha, shika kengele ubavuni, ichane na kuivua pamoja na stameni zote, vile vijiti vyenye chavua, uache ovari na shingo yake imesimama peke yake. Shingo ile ni nyembamba. Ukiikunja, ua hilo limekufa, litoe. Ondoa pia maua yote ya kishada yaliyokwisha kufunguka na vichomozo ambavyo hutavitumia, ili mmea usigawe nguvu. Ua lililovuliwa kengele halimvutii nyuki, kwa hiyo kulifunika si lazima sana, ila wavu ni bima.

Chavua ya baba ichukuliwe kutoka kwenye ua lililofunguka siku hiyo. Stameni za bluberi hazipasuki, zina vitundu nchani kama kifuniko cha chumvi. Ndiyo maana nyuki bambi, wale wakubwa wenye manyoya, hutikisa ua kwa kutetemesha misuli ya mbawa, jambo ambalo nyuki wa asali hajui kulifanya. Wewe huna misuli hiyo. Vungirisha ua katikati ya vidole viwili, juu ya kipande cha kioo au ukucha wa kidole gumba, mpaka uone vumbi jeupe. Fanya asubuhi umande ukishakauka. Chavua yenye unyevu hugandamana na haina faida. Ikiwa baba anachanua mapema kuliko mama, kausha chavua kwenye kichupa chenye vijiwe vya kunyonya unyevu, weka kwenye friji.

Gusisha stigma, yaani ncha ya shingo ile, kwenye chavua, siku uliyohasi au kesho yake, ikiwa inang'aa kwa ute. Rudia siku inayofuata. Kisha lebo: mama kwanza, baba pili, tarehe, kwa penseli. Kalamu ya wino hufutika kwa jua, na lebo isiyosomeka ni uzao usio na wazazi. Nawaambia kweli, lebo zimeua kazi nyingi kuliko magonjwa.

Matunda yataiva baada ya miezi miwili hadi mitatu. Yaache yaive kabisa. Yasage na maji mengi kwa blenda ambayo visu vyake umevifunga utepe visikate mbegu, au yafikiche kwa mkono ndani ya chujio. Mbegu nzima huzama, maganda na mbegu tupu huelea. Mimina juu, rudia mara nne, tano. Kausha kwenye karatasi kivulini, hifadhi kwenye friji.

Kupanda: trei yenye mboji ya sphagnum (mmea mdogo wa majimajini), iliyoshindiliwa kidogo na kuloweshwa. Tawanya mbegu juu, usizifukie. Narudia, usizifukie! Mbegu hizi zinataka mwanga ili ziote. Asiyejua huzifunika kwa nusu sentimita kama sukumawiki, anasubiri miezi miwili, halafu anasema mbegu zilikuwa mbovu. Nyunyiza ukungu wa maji, funika kwa plastiki angavu, weka mahali penye mwanga bila jua kali. Zitaanza kuota baada ya wiki tatu mpaka sita, si zote kwa pamoja. Zikishaota punguza maji na ruhusu hewa, la sivyo shina huoza usawa wa udongo na trei nzima hulala kwa usiku mmoja. Maji ya kisima mara nyingi yana bikaboneti. Yapime, yashushwe kwa tindikali mpaka karibu pH 5. Mche ukiwa na majani matatu au manne uhamishe kwenye trei ya matundu. Mbolea iwe ya amonia, kidogo kidogo. Ya naitreti mmea huu hauijali.

Tuseme umebaki na miche elfu moja. Ipande karibu karibu, mistari ya kubanana, kwa sababu mingi inakwenda kufa kwa mkono wako. Inapozaa kwa mara ya kwanza, unapita mstari kwa mstari unaonja, na tisa katika kila kumi inang'olewa. Inauma? Inauma. Lakini anayeona huruma katika hatua hii analea mia tisa wasio na kazi na kuwanyima nafasi mia moja. Mia hiyo utaitazama msimu mwingine, labda miwili, ubaki na kumi au kumi na tano. Hizo ndizo unazizidisha kwa vipandikizi, miche kumi na mitano kila moja, upande mahali pawili au zaidi. Tangu kupandisha wazazi mpaka aina kuwa mkononi mwa mkulima ni miaka kumi hadi kumi na miwili. Anayekuahidi miaka mitatu, mwulize: nani ameonja, na mara ngapi?

Kuonja kuna adabu yake. Usionje baada ya chai ya tangawizi, wala sigara, wala miraa. (Kicheko.) Mnacheka, lakini ulimi uliochoka hutoa alama zilizochoka. Onja matunda yasiyo na baridi, kwa sababu friji huficha harufu. Chukua matunda matatu kwa mpigo kutoka pande mbalimbali za kichaka, usihukumu mche kwa tunda moja. Tafuna, vuta hewa, tema. Suuza kwa maji, mega kipande cha mkate mkavu. Sampuli kumi na tano, ishirini kwa kikao kimoja zinatosha. Ya ishirini na tano utaipa alama ya uchovu. Watu wawe kadhaa, sampuli ziwe na namba bila majina, maana mtu akijua huu ni mche wa mkubwa wake ulimi wake hupata heshima za ghafla. Andika utamu, uchachu, harufu, mkatiko, ganda, na kinachobaki mdomoni baadaye. Kisha rudia kwenye mvuno wa katikati na wa mwisho, kwa kuwa kuna aina zinazoanza kwa asali na kumalizia kwa maji.

Vipimo navyo viwepo. Refraktomita ikupe Briksi, kipimo cha sukari katika maji ya tunda, na asidi uipime kwa kutitrisha, yaani kuyadondoshea maji hayo hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 N mpaka pH 8.2. Usiamini Briksi peke yake. Miche miwili yote ina Briksi 13. Mmoja una asidi asilimia 0.4, mwingine 1.1. Wa kwanza uwiano wake, Briksi kwa asidi, ni 32.5, wa pili hata 12 haufiki. Mashine inasema ni ndugu, mdomo unasema hawajuani. Na uwiano nao una mtego: ukishusha asidi sana tunda linakuwa bapa, utamu usio na mgongo. Halafu weka pakiti kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 1, uonje siku ya 14 na ya 28. Tunda tamu la shambani linaloamka limelegea siku ya 14 halitamfikisha mtu Ulaya kwa meli.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Aina nyingi mnazolima zina hakimiliki na mikataba. Kenya imo katika mkataba wa UPOV wa 1991, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, na sheria ya namna hiyo humruhusu mtafiti kutumia aina yenye ulinzi kama mzazi, lakini mkataba uliotia sahihi unaweza kukuzuia. Usome kabla ya kushika kibano. Kuingiza mimea kutoka nje ni kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na karantini. Tafadhali msilete vijiti kwenye mabegi.

Na ninyi ambao hamtashika kibano maishani, msidhani mmesalimika. Ladha iliyotafutwa miaka kumi na miwili inauawa na mvunaji kwa sekunde moja. Bluberi ikishachumwa inaweza kuongeza rangi, lakini sukari haiongezeki. Si ndizi, haivundikwi. Geuza tunda utazame upande wa kikonyo: ukiona pete nyekundu, bado. Hata likishakuwa samawati lote, liache siku tatu hadi tano, sukari inapanda na asidi inashuka. Lakini ukisubiri kupita kiasi linalegea, na nzi Drosophila suzukii, ambaye tayari yuko Kenya, anakushukuru. Kwa hiyo pita kichaka kila siku tano hadi saba. Punguza vishada vya maua kwenye kichaka kilichojibebesha, maana majani machache hayalishi matunda mengi. Usivune mara baada ya mvua. Na anayelipa wavunaji kwa kilo bila kutazama kikonyo, ajue kwamba anawalipa wachume mabichi.

Nimeambiwa muda umekwisha. Pale nyuma kuna sahani sita, zina namba za tarakimu tatu, hazina majina, na karatasi ziko pembeni. Kuna maji, kuna mkate. Embe mlilokula lisuuzwe kwanza. Msiulizane alama mpaka kila mtu amalize kuandika, na tafadhali, sahani namba 417 musiimalize wa mstari wa mbele, wenzenu wa nyuma nao wana ndimi.